Duke Kahanamoku: Mwogeleaji Aliyekataliwa Rekodi Akaithibitisha Upya

Na Mwandishi Wetu

Agosti 11, 1911, katika bandari ya Honolulu, visiwani Hawaii, kijana mwenye umri wa miaka 20 alijitosa baharini katika shindano la kuogelea yadi 100. Wapimaji waliposoma saa zao, walikuta ametumia sekunde 55.4. Kwa hesabu yao, rekodi ya dunia ilikuwa imevunjwa kwa zaidi ya sekunde nne. Kijana huyo aliitwa Duke Paoa Kahanamoku.

Taarifa ilipofikishwa kwa chama kilichosimamia michezo ya ridhaa nchini Marekani, haikuaminiwa. Viongozi wake walidai kwamba wapimaji walitumia saa za kengele badala ya saa maalumu za michezo, na baadaye wakaongeza kwamba mkondo wa bahari ulimsaidia mwogeleaji. Rekodi ikakataliwa.

Kahanamoku alizaliwa Agosti 24, 1890 mjini Honolulu, wakati Hawaii ingali ufalme. Miaka minane baadaye visiwa hivyo viliunganishwa na Marekani. Duke halikuwa cheo bali jina alilorithi kwa baba yake, aliyekuwa askari polisi. Alikulia katika ufukwe wa Waikiki, akajifunza kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mchezo wa asili wa watu wa Hawaii.

Shaka juu ya muda wake haikuwa na jibu jingine ila kuogelea tena, mahali ambapo kipimo kisingebishaniwa. Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea, lililoundwa London mwaka 1908, lilikuwa limeanza kuweka kanuni za pamoja na kutunza orodha ya rekodi za dunia. Mwaka 1912 Kahanamoku alichaguliwa kuiwakilisha Marekani katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, Sweden. Kwa kutoelewa ratiba, yeye na wenzake walikosa nusu fainali, lakini waamuzi waliwaruhusu kushiriki shindano la ziada. Alifuzu, kisha akatwaa medali ya dhahabu ya mita 100 mtindo huru. Siku chache baadaye, Julai 20, 1912, mjini Hamburg, Ujerumani, aliogelea umbali huo kwa dakika 1 na sekunde 1.6. Safari hii rekodi ya dunia ilithibitishwa.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilisababisha kufutwa kwa Michezo ya mwaka 1916, akapoteza miaka ambayo huenda ingekuwa bora kwake. Hata hivyo, Agosti 24, 1920, siku aliyotimiza miaka 30, alishinda fainali ya mita 100 mjini Antwerp, Ubelgiji, kwa rekodi mpya ya dunia ya dakika 1 na sekunde 0.4. Kwa mara nyingine ushindi wake ulitiliwa shaka: Australia iliwasilisha malalamiko kwamba mwogeleaji wake alizuiwa njia, na fainali ikaamriwa kurudiwa. Kahanamoku aliogelea tena, akashinda tena.

Mwaka 1922 Johnny Weissmuller wa Marekani alivunja rekodi hiyo kwa kutumia sekunde 58.6, na kuwa wa kwanza kuogelea mita 100 kwa muda wa chini ya dakika moja. Wawili hao walikutana katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Weissmuller alipata dhahabu, Kahanamoku fedha, na mdogo wake Kahanamoku, Samuel, akatwaa shaba.

Juni 14, 1925, mashua ya wavuvi ilipinduliwa na mawimbi karibu na Corona del Mar, California. Kahanamoku aliingia baharini na ubao wake mara kadhaa, akawaokoa watu wanane. Hapakuwa na saa wala mwamuzi.

Baadaye aliutumikia umma kama sherifu wa Honolulu kwa zaidi ya miaka 25. Alifariki dunia Januari 22, 1968 akiwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yalitawanywa katika bahari ya Waikiki, alikojifunza kuogelea, na mwaka 1990 sanamu yake ilisimamishwa katika ufukwe huo.