Hans Meyer na Wenziwe Mlimani

Mwezi wa Oktoba, wakati sisi visiwani tunatazamia mvua za vuli, Ulaya ni majira ya majani kupukutika, na watu wa huko wenye nafasi wana ada ya kufunga mizigo na kwenda milimani kwa makundi. Hans Meyer alikuwa mtu wa nchi za ada hiyo. Oktoba iliyompa jina, hata hivyo, aliipitisha Kilimanjaro, mwaka 1889, na ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Maana jina alilipata karibu peke yake, na mlima hakuupanda peke yake.

Alizaliwa Ujerumani tarehe 22 Machi 1858, katika ukoo wa wachapishaji wa vitabu, na mali ya ukoo huo ndiyo iliyolipia safari zake. Mwaka 1887 alifika kwenye theluji ya Kibo, barafu ikamzuia. Mwaka 1888 akarudi pamoja na Oscar Baumann, lakini pwani ilikwisha kuwaka moto: wananchi walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani. Wazungu hao wawili walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim al-Harthi, wakatiwa minyororo, na hawakuachiwa mpaka zilipolipwa rupia 10,000. Vitabu vya wakoloni viliyaita mambo hayo uasi. Sisi tunayaita vita vya kulinda nchi.

Mwaka uliofuata Meyer alikuja mara ya tatu, safari hii na Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Salzburg aliyekuwa bingwa wa milima ya barafu. Walipitia Mombasa, wakiongoza wapagazi walioandikwa Unguja, na huko Marangu wakapokelewa na Mangi Mareale. Meyer alikwisha kujifunza kwamba njaa humteremsha mpandaji kabla ya baridi. Kwa hiyo aliweka kambi kubwa Marangu, nyingine juu ya msitu, na hema dogo kwenye mita 4,300 hivi, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka baina ya kambi hizo wakipeleka chakula. Huo ndio uliokuwa ufundi wa safari nzima, na ulikuwa juu ya mabega ya watu.

Katika hema hilo la juu alikaa na Wazungu hao mtu mmoja tu, Mwini Amani wa Pangani. (Ndivyo Meyer alivyoliandika jina lake, sisi tungeandika Mwinyi.) Mtu wa mji wa bahari, alikaa katika baridi ile zaidi ya wiki mbili, akilinda kambi, akipika na kutunza moto. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller, wakichonga ngazi katika barafu kwa shoka, walifika ukingo wa shimo la Kibo, lakini saa zilikwisha kwenda na ilibidi warudi. Walirudi kwenye moto wa nani, kama si wa Mwini Amani? Tarehe 6 walisimama kileleni. Meyer akakiita kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, akachukua na jiwe la kwenda kumtunukia. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Abushiri, palepale Pangani.

Haki ya Meyer tusimnyime. Katika kitabu chake alimtaja Mwini Amani na kumsifu. Waliomwacha ni walioandika baadaye, wakiwemo wa kwetu. Tena aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imepungua, na maandishi yake yamewafaa wataalamu wanaopima upungufu huo mpaka leo. Baadaye alipanda milima ya Ecuador, akawa profesa wa jiografia ya makoloni huko Leipzig, na humo akafariki tarehe 5 Julai 1929.

Tungependa wahusika wa elimu na utalii, kila wanapoandika habari za mlima huo, waliandike jina la mtu wa Pangani pamoja na hayo mawili. Lile la Kaiser limekwisha ondoka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale pale, na kilele kikaitwa Uhuru.