Matola wa Newala: aliyewafungulia wageni mlango wa amani

Ndugu msomaji, leo tunamkumbuka Matola wa Kwanza, chifu wa Kiyao aliyetawala Newala na kufariki mwaka 1895. Hatumtaji kwa dini yake, bali kwa mwenendo wake, kwani una mazingatio kwa kila familia.

Zama zake zilikuwa za hofu. Biashara ya watumwa ilimgeuza binadamu kuwa bidhaa, na misafara ya mateka ilishuka pwani kila mwaka. Kutoka magharibi walikuja wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara. Watu wa bonde la Ruvuma wakapanda uwanda wa Makonde, ambako vichaka vizito viliwazuia wavamizi. Hivyo Wayao, Wamakonde, Wamakua na Wamatambwe wakajikuta majirani, ilhali wengi wao walikwisha kuumizana.

Machifu wengi wa wakati huo walijipatia bunduki na nguo kwa kuwauza wanyonge. Matola alichagua njia nyingine. Aliwapokea watu wa makabila mbalimbali, akawasikiliza barazani, na jina lake likakua kwa uamuzi wake kuliko kwa vita.

Mtihani mkubwa ulifika mwaka 1882. Huko Masasi kulikuwa na kijiji cha watumwa walioachwa huru, kilichoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876. Magwangwara walikivamia, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Baadhi ya walionusurika, pamoja na padri Chauncy Maples, walihamia Newala karibu na Matola, wakaishi hapo kwa miaka kadhaa.

Tusidhani kwamba ukarimu huo ulikuwa mwepesi. Uwanda wa Makonde hauna mito. Maji yaliteremkiwa mabondeni na kupandishwa kichwani. Kila mgeni aliongeza mtungi wa kubebwa. Tena, kumhifadhi anayewindwa ni kujiweka katika njia ya anayemwinda.

Waislamu tunaifahamu hali hii. Mnamo mwaka 615, masahaba walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi. Mfalme Najashi, aliyekuwa Mkristo, aliletewa zawadi ili awarudishe. Hakuharakisha kuhukumu: aliwaita, akazisikiliza pande zote mbili, kisha akawapa amani na kuzirudisha zawadi.

Hapa ndipo ilipo hekima. Amani haianzi kwa wenye nguvu kuchoka kupigana. Huanza pale mtu anapokubali kumsikiliza asiye wa kabila lake wala wa dini yake, hata kama kufanya hivyo kutamgharimu. Leo Masasi na Newala zimo nyumba zenye Waislamu na Wakristo wa ukoo mmoja. Tuwafundishe watoto wetu kuketi na kuzungumza kabla ya kuinua mkono, na kumpa jirani maji kabla ya kumuuliza atokako.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.