Sembène Ousmane na Herufi Moja

Hapa Kibenga mwanafunzi akikosa herufi moja katika imla hupunguziwa alama, na neno huishia hapo. Nataka kuwaeleza wenzangu, na ndugu zetu waliokwisha maliza shule, habari za mtu ambaye picha yake ya sinema ilizuiwa miaka mingi nchini kwake kwa sababu ya herufi moja. Mtu huyo ni Sembène Ousmane wa Senegal.

Alizaliwa mwaka wa 1923 mjini Ziguinchor, wakati Senegal ilipokuwa chini ya Wafaransa. Baba yake alikuwa mvuvi. Shuleni hakukaa sana. Alifukuzwa angali kijana kwa kugombana na mwalimu mkuu, naye akaenda Dakar kufanya uashi na kazi nyingine za mikono. Mwaka wa 1944 aliingizwa katika jeshi la Wafaransa. Vita vilipokwisha alivuka bahari mpaka Marseille, akawa kuli wa bandarini. Huko aliumia mgongo vibaya, na asiyeweza kubeba mizigo hupata nafasi ya kusoma. Alisoma vitabu vya chama cha wafanyakazi, kisha akaandika vyake. Cha kwanza kilitoka mwaka wa 1956. Kile cha mwaka wa 1960, kinachosimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya kutoka Dakar hadi Mto Niger, kilimpatia sifa kubwa.

Lakini aliporudi Afrika baada ya uhuru aliona jambo lililomsumbua. Vitabu vyake vilikuwa vya Kifaransa, na wale aliowaandikia, yaani wavuvi, makuli na akina mama wa sokoni, wengi wao hawakuweza kuvisoma. Basi, akikaribia umri wa miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza picha za sinema. Fikirini mtu mzima hivyo kuketi tena darasani!

Tangu mwaka wa 1934 palikuwa na amri katika makoloni ya Wafaransa kwamba mtu asipige picha ya sinema bila kibali cha serikali, na Mwafrika kukipata ilikuwa shida. Kwa hiyo Sembène alipotoa Borom Sarret mwaka wa 1963, habari za siku moja ya mwendesha mkokoteni wa Dakar, lilikuwa jambo geni, ingawa picha yenyewe ni ya dakika ishirini hivi. (Sisi Warundi tulingoja mpaka mwaka wa 1992 kupata picha ndefu ya kwetu, Gito l'Ingrat ya Léonce Ngabo.) Mwaka wa 1968 ikafuata Mandabi: mzee anatumiwa hawala ya fedha kutoka Paris, na hawezi kuichukua posta kwa kuwa hana kitambulisho. Humo watu wanasema Kiwolofu, na mwendesha mkokoteni aliweza kuielewa bila mkalimani.

Tangu hapo hakukosa taabu. Emitaï ya mwaka wa 1971 ilionyesha jinsi jeshi la Wafaransa lilivyonyang'anya wanakijiji mpunga wao wakati wa vita. Ufaransa haikupendezwa, na picha ikazuiwa katika nchi kadhaa zilizokuwa makoloni yake. Mwaka wa 1975 alitoa Xala, ya kuwacheka matajiri wapya walioketi katika viti vya wazungu. Shirika la serikali ya Senegal lilisaidia kuigharimia, kisha wakaguzi wa serikali hiyo hiyo wakaikata vipande. Sembène alikubali ionyeshwe imekatwa, ila alichapisha karatasi, akawagawia watu wapate kujua ni vipande gani vilivyoondolewa.

Kisha ikaja Ceddo. Jina hilo ni la watu wa kale waliokataa kuacha desturi zao. Katika picha hiyo mfalme amezungukwa na imamu, padri na mfanyabiashara wa watumwa, na mwishowe imamu anashika utawala. Katika nchi ambayo wengi ni Waislamu, hilo lilikuwa kaa la moto. Lakini serikali ilipoipiga marufuku, sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: jina liandikwe kwa d moja, si mbili. Rais Senghor alikuwa mshairi na mtaalamu wa sarufi, na sheria ya kuandika Kiwolofu ilikuwako kweli, hata udhuru huo haukutoka hewani. Hata hivyo naamini kuwa ulikuwa udhuru tu.

Sembène alikataa kuifuta d hiyo. Aliyevumilia kukatiwa Xala hakukubali kufundishwa namna ya kuandika lugha ya kwao. Wengine watasema ulikuwa ukaidi, na mimi sithubutu kuwapinga sana, maana walioikosa Ceddo ni wale wale wavuvi na makuli ambao kwa ajili yao alikwenda Moscow. Haikuonyeshwa Senegal mpaka Senghor alipokwisha kuacha urais, mwishoni mwa 1980.

Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya picha yake ndefu nyingine. Hiyo ni Camp de Thiaroye ya mwaka wa 1988, aliyoitengeneza pamoja na Thierno Faty Sow, kuhusu askari Waafrika waliouawa na jeshi la Wafaransa tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai mishahara yao. Safari hii ni Ufaransa iliyokaa miaka bila kuionyesha. Moolaadé, juu ya ukeketaji wa wasichana, aliitoa mwaka wa 2004, naye ana miaka themanini na moja.

Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007. Nyumba yake ilikuwa Yoff, karibu na bahari, naye alikuwa ameipa jina la Galle Ceddo, yaani nyumba ya Ceddo, kwa d mbili.