Friedrich Froebel na Kazi za Mikono kwa Watoto Wakati wa Likizo

Mwezi wa Juni shule zinapofungwa, mtoto wa Mhunze hakosi kazi. Pamba huchumwa, ng'ombe huchungwa, maji huchotwa. Hata hivyo zipo saa za mchana, jua likiwa kali juu ya mbuga iliyopasuka, ambapo watoto wadogo wa darasa la awali hadi la tatu hubaki chini ya mti bila la kufanya, au huzurura mpaka jioni. Mwanachuo aliyerudi kijijini kwa likizo huulizwa na majirani kama yeye, aliye mwalimu, hawezi kuwapa watoto hawa shughuli yoyote. Katika makala haya tumeamua kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya Mjerumani mmoja aliyefariki zamani, Friedrich Froebel. Shule za chekechea zimetokana na kazi yake, ingawa wengi wanaofundisha humo hawajapata kulisikia jina lake.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye misitu ya Thuringia. Ujerumani wakati huo haikuwa dola moja, bali nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtawala wake. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa mwenye usharika mkubwa, na nafasi ya kukaa na wanawe hakuwa nayo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi tisa. Baba alioa tena. Mama wa kambo alimpenda mtoto kwa muda, lakini alipojaliwa wa kwake moyo wake uligeuka, hata namna ya kumsemesha ikabadilika, akawa anamsemesha kama mtu baki. Mtoto akakua katika ua wa nyumba ya mchungaji, akitazama mimea na wadudu wa bustani kwa kuwa hakuwa na wenzake wa kucheza nao. Baba yake alimhesabu kuwa mzito wa akili.

Aliyemwokoa ni mjomba wake. Alipofika umri wa miaka 10 mjomba huyo alimchukua akaishi naye katika mji wa Stadtilm, na huko kwa mara ya kwanza alikimbia na kucheza pamoja na watoto wa rika lake. Tunaliomba jambo hili liangaliwe vema. Mtu aliyekuja kuufundisha ulimwengu thamani ya mchezo alikuwa amenyimwa mchezo katika utoto wake, na aliuonja akiwa tayari na umri wa kuweza kukumbuka jinsi ulivyombadilisha.

Mwaka 1797 alipelekwa kwa bwana misitu mmoja ajifunze kazi. Bwana huyo aliijua kazi yake barabara lakini hakujua kuifundisha, kwa hiyo kijana alijisomea mwenyewe elimu ya mimea na hesabu za maumbo. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena. Fedha zilimwishia, akafungwa wiki tisa katika chumba cha mahabusu cha chuo kwa sababu ya deni. Baada ya hapo alihangaika huku na huko: mara mpimaji wa ardhi, mara karani. Mwaka 1805 alifika Frankfurt akinuia kusomea ujenzi wa majumba. Mkuu wa shule moja mjini humo alimshawishi ajaribu ualimu, na siku alipoingia darasani alijua kuwa amefika mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Mwaka huo huo alikwenda Yverdon, katika Uswisi, kumwona Pestalozzi, mwalimu aliyesifika siku zile kwa kufundisha kwa vitu halisi badala ya maneno matupu. Kuanzia 1808 hadi 1810 alirudi huko na kukaa pamoja na wavulana watatu aliokuwa akiwalea. Alijifunza mengi, lakini hakuridhika. Aliona kuwa mtoto anaonyeshwa vitu vingi ambavyo havikuunganishwa, na kwamba hutazama kuliko anavyotenda.

Tofauti hiyo kati ya kutazama na kutenda aliifikiria kwa miaka mingi, na alisaidiwa na jambo ambalo sisi tulio karibu na Mwadui tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Baada ya kupigana vitani mwaka 1813 kama askari wa kujitolea, Froebel alifanya kazi Berlin katika hifadhi ya madini, chini ya profesa Weiss, bingwa wa elimu ya fuwele. Kazi yake ilikuwa kupanga mawe. Alishangaa kuona kuwa jiwe, ambalo halina uhai, hukua kwa utaratibu: kila aina ina pembe zake na nyuso zake. Akahitimu kwamba kama jiwe lina utaratibu wa kukua kutoka ndani, sembuse mtoto. Hapo ndipo yalipoanza maumbo yote aliyokuja kuwapa watoto mikononi.

Kaka yake Christoph alifariki mwaka 1813 kwa homa aliyoipata alipowauguza askari, akaacha mjane na watoto. Froebel aliacha kazi ya Berlin. Mwezi wa Novemba 1816 alifungua shule katika kijiji cha Griesheim akiwa na wanafunzi watano, wote watoto wa kaka zake. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau. Huko wavulana walilima bustani, walitembea milimani, walijenga kwa mikono yao. Serikali za wakati ule ziliogopa kila lililofanana na uhuru, na shule ikatiliwa shaka. Wazazi wakawaondoa watoto wao mpaka wakabaki wachache mno. Tunaipita miaka hiyo kwa haraka, pamoja na ile aliyofanya kazi Uswisi tangu 1831, ambako mwishoni alisimamia nyumba ya yatima mjini Burgdorf. Yatosha kusema kuwa akiwa Burgdorf aliona watoto wanafika shuleni wakiwa wamekwisha kupoteza miaka ya mwanzo, ile ambayo yeye aliihesabu kuwa ya thamani kuliko yote.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alifungua katika mji mdogo wa Blankenburg mahali pa kuwapa watoto wadogo shughuli. Hapakuitwa shule. Jina tunalolijua, lenye maana ya bustani ya watoto, alilitoa mwaka 1840. Huko kila mtoto alikuwa na kijishamba chake cha kupandia, na lilikuwapo pia shamba la wote.

Vitu alivyowapa watoto aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira midogo sita ya sufi, kila mmoja na rangi yake na kamba yake. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara vya mbao: kimoja hubingirika, cha pili husimama, cha tatu hufanya yote mawili. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa. Ya nne ilikuwa mchemraba wa kimo hicho hicho uliokatwa matofali 8. Baada ya zawadi zilifuata kazi: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kupanga vijiti, kufinyanga udongo, na kuunganisha vijiti vilivyochongoka kwa mbegu za njegere zilizolowekwa.

Ndugu mwanachuo, usishtuke ukaanza kutafuta duka. Mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani unatosha kuwa zawadi ya kwanza. Kwa zawadi ya nne tumetumia kiberiti: droo yake hutiwa udongo uliokandwa, hupinduliwa juu ya ubao, na tofali hutoka. Matofali 8 mtoto wa darasa la pili huyafyatua kwa asubuhi moja. Udongo mweusi wa mbuga peke yake haufai, maana ukikauka hupasuka; uchanganywe na mchanga, au utafutwe udongo wa kichuguu, ulio bora zaidi. Yakaushwe kivulini.

Ile kazi ya njegere ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote, kwa sababu katika Kishapu twalima dengu. Dengu huloweshwa usiku kucha, asubuhi hutandazwa zikauke maji ya juu, na vijiti vyembamba vya fagio huchongwa ncha. Kwa dengu 8 na vijiti 12 mtoto hupata mchemraba. Ataona mara moja kuwa unayumba ukiusukuma kwa kidole. Kisha apewe dengu 6 na vijiti 12 hivyo hivyo: vijiti vinne vifanye mraba, vinne viinuke kukutana juu, na vinne vishuke kukutana chini. Hilo ni umbo lenye nyuso 8 za pembetatu, nalo haliyumbi. Ndilo umbo ambalo almasi ghafi huonekana nalo mara nyingi, na Mwadui imo katika wilaya hii hii. Mtoto ambaye baba yake anaezeka nyumba atakuambia mwenyewe kwa nini kenchi hufanywa pembetatu. Mkiviacha vitu hivyo mpaka kesho yake, dengu zitakauka na kukaza vijiti. Mama mwenye nyumba aombwe dengu kwanza, maana ni chakula; na mwalimu awe macho, kwani mtoto mdogo huweza kuitia dengu puani au sikioni.

Froebel alikuwa na kanuni moja katika kujenga ambayo ilituumiza tulipoisoma. Mtoto akitaka kutoka umbo moja kwenda jingine asilibomoe la kwanza, bali alibadili kwa kuhamisha kipande kimoja kimoja, mpaka kiti kiwe meza, na meza iwe daraja. Wala kipande chochote kisiachwe nje. Likizo moja miaka ya nyuma tuliwakusanya watoto chini ya mti, tukawapa udongo, tukawaamuru wote wafinyange ng'ombe wa kimo kimoja. Mvulana mmoja alifinyanga lori la pamba lenye mzigo, magurudumu yake manne na turubai juu. Tulilichukua tukalifinya likawa donge, tukamrudishia aanze upya. Alifinyanga ng'ombe. Kesho yake hakuja. Tulidhani amepelekwa machungani, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini tulipata kumwona jioni hiyo hiyo kando ya njia, akisukuma lori jingine la udongo, kubwa kuliko lile la kwanza.

Si sisi peke yetu tulioangukia kosa hilo. Baada ya kufa kwake, wengi waliojiita wafuasi wa Froebel walizigeuza zawadi kuwa gwaride. Watoto waliketi mbele ya meza zilizochorwa miraba, wakiinua kipande kwa amri na kukishusha kwa amri. Kwa maoni yetu Froebel mwenyewe hakukosa sehemu ya lawama, kwa sababu maandishi yake yana maelekezo mengi mno na ni mazito kusoma. Mtu aliyemwona akiwa na watoto alielewa zaidi kuliko aliyemsoma.

Mmoja wa waliomwona ni bibi Bertha von Marenholtz-Bülow, mwanamke wa ukoo wa kitajiri, aliyefika Liebenstein mwaka 1849 kwa mapumziko. Wenyeji walimweleza juu ya mzee mpumbavu anayerukaruka na watoto wa kijiji. Alikwenda kumtazama, akamkuta mzee mrefu mwenye nywele ndefu za mvi akiwaongoza watoto wadogo, wengi wao wasio na viatu, katika mchezo. Tangu siku hiyo alikuwa mtetezi wake. Wakati huo Froebel alikuwa akiwafunza wasichana kazi ya ualimu wa watoto wadogo, jambo ambalo walimu wengi wa kiume walilicheka.

Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani za watoto, ikidai kuwa zinaeneza ujamaa na kumkana Mungu. Ilikuwa imemchanganya na mpwa wake Karl, aliyeandika kitabu juu ya shule za wasichana. Mzee alieleza, akaandika, akamwandikia mfalme mwenyewe, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Bibi von Marenholtz-Bülow aliendelea kudai, na mwaka 1860 amri iliondolewa. Yeye na wengine waliofunzwa na mzee waliipeleka kazi hiyo Uingereza, Ufaransa na kwingineko. Katika maonyesho ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, mama mmoja aliziona zile zawadi akamnunulia mwanawe; mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, akaja kuwa mjenzi mashuhuri wa majumba, na alieleza uzeeni kuwa vidole vyake havikusahau vile vipande vya mbao.

Kaburi la Froebel liko Schweina. Rafiki yake Middendorff, aliyekuwa naye tangu vita vya 1813, hakumchongea sanamu. Aliweka mchemraba wa jiwe chini, mcheduara juu yake, na tufe juu kabisa.