Amílcar Cabral: Daftari Kabla ya Bunduki

Vijana wetu wanapotajiwa mwanamapinduzi, aghalabu picha inayowajia akilini ni ya mtu wa msituni mwenye bunduki begani. Picha hiyo si ya uongo, ila ina upungufu. Maisha ya Amílcar Cabral, mkombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde, yanatufunza kwamba bunduki ilitanguliwa na daftari.

Cabral alizaliwa tarehe 12 Septemba 1924 mjini Bafatá, katika koloni la Wareno la Guinea. Wazazi wake walikuwa na asili ya visiwa vya Cape Verde, na huko ndiko alikosomea. Katika miaka ya 1940 ukame uliviandama visiwa hivyo, na njaa ikawaangamiza maelfu ya watu. Basi alipopata msaada wa masomo mwaka 1945 kwenda Lisbon, alisomea kilimo. Aliyeishuhudia njaa hakosi kujua thamani ya udongo.

Mwaka 1952 alirejea Guinea akiwa mtaalamu wa kilimo, mwajiriwa wa serikali ya kikoloni. Mwaka uliofuata aliongoza sensa ya kilimo ya nchi nzima. Alizunguka vijijini akaelewa nani hulima mpunga, nani hulima karanga za kuuza, na nani hunufaika na jasho la mwenzake. Mkoloni alimlipa mshahara kwa kazi hiyo, asitambue kwamba alikuwa akimfunza mpinzani wake nchi ilivyo na watu wake walivyo.

Mwaka 1956 Cabral na wenzake walianzisha chama cha PAIGC. Tarehe 3 Agosti 1959, makuli waliogoma katika gati la Pidjiguiti, bandarini Bissau, walimiminiwa risasi, na wapatao 50 wakauawa. Hapo njia ya amani ikazibika. Hata hivyo, Cabral hakukurupuka. Akiwa Conakry, alitumia takriban miaka mitatu kuwaandaa vijana na kuwatuma vijijini wakawaeleze wakulima maana ya mapambano. Vita vilianza Januari 1963. Mwaka 1964, katika mkutano wa Cassacá, makamanda waliowadhulumu wanakijiji walichukuliwa hatua kali. Katika maeneo yaliyokombolewa, chama kilifungua shule, zahanati na maduka ya wananchi.

Kuna jambo moja ambalo sisi wanaisimu tuna haki ya kuhojiana naye. Aliwahutubia wapiganaji wake kwa Krioli, lakini akashikilia kwamba shuleni kitumike Kireno, kwa kuwa alikiona kuwa chombo cha kuwafikisha kwenye sayansi. Hadi leo Kireno ndicho lugha rasmi ya Guinea-Bissau, ilhali Krioli ndiyo inayowaunganisha wananchi. Kumheshimu shujaa si kukubaliana naye katika kila jambo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Usiku wa tarehe 20 Januari 1973, Cabral alipigwa risasi mjini Conakry na watu wa chama chake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 48. Waliodhani kwamba wameyaua mapambano walikosea. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, chama chake kilitangaza uhuru wa Guinea-Bissau. Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliupindua udikteta wa Lisbon. Cape Verde ikapata uhuru tarehe 5 Julai 1975.

Walimu, tuwasimulieni wanafunzi kisa hiki kwa ukamilifu wake. Tukiwaonyesha bunduki tu, watadhani kwamba hasira yatosha kuibadili nchi. Nanyi wanafunzi, yeyote kati yenu anayetamani kuibadili jamii yake na ajiulize kwanza: je, naijua? Cabral aliweza kulijibu swali hilo kijiji kwa kijiji, miaka kumi kabla ya risasi yake ya kwanza.