Baba wa manga aliyefariki kabla ya kumaliza Biblia yake

Uko Lodwar, saa nane mchana, jua linachoma hadi bati linalia. Umejibanza kivulini, bando imebaki kidogo, unataka tu kumalizia episodi moja ya Naruto. Mama anapita, anaona macho mekundu na mikono inayotoa moto, anauliza kama hayo si mambo ya shetani. Hata mimi nimeulizwa. Kabla hujamjibu, hebu nikusimulie habari za jamaa mmoja.

Anaitwa Osamu Tezuka. Alizaliwa Novemba 3, 1928 huko Toyonaka, karibu na Osaka, Japani, akalelewa mji wa Takarazuka. Shuleni alikuwa katoto kadogo kenye miwani, wenzake wakikachokoza. Kilichomwokoa ni penseli. Walipoona anavyochora, walianza kumheshimu. Mwaka wa 1945, akiwa amepelekwa kufanya kazi kiwandani kwa sababu ya vita, mabomu yalimiminwa Osaka. Aliponea. Tangu hapo, hadithi zake nyingi zilirudia jambo lile lile: uhai ni kitu cha thamani.

Sasa sikiza hii. Jamaa alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Osaka huku akichora manga. Alimaliza, akapata leseni, kisha akachagua penseli. Mimi niliacha chuo, na kwa muda mrefu nilimfanya kisingizio: si unaona, hata Tezuka aliachana na udaktari! Uongo, bana. Aliacha kazi, hakuacha masomo. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na nilijua.

Mwaka wa 1950 alianza hadithi ya simba mweupe anayeitwa Leo, inayotokea huku kwetu Afrika. Mwaka wa 1952 akaja na mtoto wa roboti, yule dunia inamjua kama Astro Boy, aliyeingia kwenye televisheni Januari 1, 1963. Yale macho makubwa unayoyaona kwenye anime? Yeye ndiye aliyeyaeneza, baada ya kupenda sana katuni za Walt Disney. Studio yake ilifilisika 1973. Aliendelea kuchora, hadi akafikisha zaidi ya kurasa 150,000.

Halafu ikaja Biblia. Katika miaka ya 1980, RAI, televisheni ya taifa ya Italia, ilitaka Agano la Kale kwa anime, ikamwendea Tezuka. Hakuwa mtu wa kanisa. Tena alikuwa amemaliza kuchora maisha ya Buddha, kazi ya miaka zaidi ya 10. Lakini alikubali, na sehemu aliyoishughulikia mwenyewe ni ya Nuhu na safina.

Hakuiona ikikamilika. Saratani ya tumbo ilimuua Februari 9, 1989, akiwa na miaka 60. Hata kitandani hospitalini alikuwa bado anachora. Wenzake, wakiongozwa na Osamu Dezaki, waliendeleza kazi hadi zikatimia episodi 26, na Waitaliano wakaanza kuzitazama 1992.

Mwaka huo huo wa 1992, Kakuma, kambi ilifunguliwa kupokea watu waliokimbia vita Sudan, wakiwemo vijana wengi waliotembea bila wazazi. Ukiwa Kakuma, gharika ya Nuhu huhitaji kufafanuliwa. Laga ya Tarach hukaa mchanga mtupu, kisha siku moja maji yanashuka na kubeba nyumba. Na habari ya familia kukimbia na kidogo ilichoweza kubeba, hapo kila mtu anaijua.

Kwa hivyo mama akikuuliza tena, usimjibu kwa kiburi. Anime si kitu kimoja. Kuna Evangelion ya 1995, iliyojaa misalaba na malaika wa kutisha, na akiiona hiyo atakuwa na haki ya kushtuka. Lakini kuna pia hii ya Tezuka, ambayo anaweza kuketi nawe na kuitazama. Swali la maana ni kila hadithi inafanya nini na yale iliyoyachukua kwenye Biblia.

Mimi wiki hii nimeanza kuuliza kuhusu kurudi chuoni. Wewe, mwonyeshe mama Nuhu kwanza. Naruto atangoja.