Ramadhani 12: Baba wa Kipaka

Unajua Abu Huraira (r.a.) alilipataje jina lake? Alikulia yatima, wa kabila la Daus, Yemen, akichunga mbuzi wa watu wake. Alikuwa na kipaka mdogo: usiku akimlaza juu ya mti, mchana yuko naye malishoni, wanacheza. Ndipo wakamwita baba wa kipaka. Alifika Madina mwaka 7 Hijria, akaishi Suffa, pale msikitini, njaa ikimpiga mpaka akafunga jiwe tumboni. Hadithi zaidi ya 5,000 zimetufikia kupitia kwake, ikiwemo ile ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula hadi akafa.

Sasa wale vipaka watatu pale pa kutawadhia, mama yao hayupo tena. Msiwape maziwa ya ng'ombe jamani, yanawaharisha. Tumwulize daktari wa mifugo. Kwanza wapashwe joto, kisha walishwe kifudifudi, si chali, watapaliwa. Kila baada ya saa chache, na daku pia. Nani anawachukua?